Picha Ilitaja Kila Mtu Isipokuwa Aliyetengeneza Kiti

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie picha iliyochapishwa na gazeti lako Jumamosi iliyopita, iliyomwonyesha mgeni wa heshima akiwa ameketi katika hafla moja hapa Nairobi. Maelezo yaliyokuwa chini ya picha yalimtaja mgeni, yakamtaja mwenyeji wake, yakataja mahali hafla ilipofanyiwa na hata mshonaji wa vazi alilolivaa. Kiti, ambacho kilichukua karibu nusu ya picha na ambacho naamini ndicho kilichomvuta mpiga picha kwanza, kiliitwa tu "kiti cha kitamaduni". Nakijua kiti hicho. Kilikaa katika jumba langu la maonyesho miezi saba kabla ya kununuliwa, na chini ya ubao wake wa kukalia, upande wa kushoto, pamechomwa kwa chuma cha moto jina la fundi, jina la mti, na mwaka 2023. Hakuna aliyeinama kutazama.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikiendesha jumba dogo la samani za sanaa, si mbali na Ngong Road. Ninachoonyesha ni viti, vigoda, meza, makabati na vitanda ambavyo fundi mmoja amevibuni na kuvitengeneza mwenyewe, tangu siku ya kuchagua gogo mpaka siku ya kupaka nta ya mwisho. Sina ugomvi na mafundi wanaouza kandokando ya barabara hiyo hiyo. Walikuwepo kabla yangu, wamevumilia kuhamishwa barabara ilipopanuliwa, na baadhi yao ndio wanaoniletea kazi ninazozionea fahari zaidi. Ninalolalamikia ni desturi yetu sote, wauzaji, wanunuzi na waandishi, ya kukitazama kiti kana kwamba kimeota chenyewe.

Kwa picha za kuchorwa tulikwisha kujirekebisha. Jumba la sanaa la Paa ya Paa lilianzishwa hapa mwaka 1965, na miaka michache baadaye ikafuata Gallery Watatu, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya wasanii watatu walioifungua. Nyumba kama hizo ziliufundisha mji huu kuuliza jina la mchoraji kabla ya kuuliza bei. Leo mtu akitundika picha sebuleni mwake na mgeni akamuuliza ni ya nani, ataona haya akikosa jibu. Mgeni huyo huyo ataketi kwenye kiti kilichomchukua fundi siku ishirini na mbili, ataegemea, atakisifu, na swali lile halitamjia.

Ruhusa yako, Mhariri, nikieleze kiti chenyewe, maana neno "kitamaduni" limekifunika. Kina mgongo mrefu ulionyooka na madirisha manne yaliyosukwa kwa uzi wa pamba, kwa mtindo wa viti vya enzi vya Lamu, vile ambavyo zamani vilitengenezwa kwa mpingo, vikatiwa njumu, yaani mapambo yaliyopachikwa ndani ya mbao, ya pembe za ndovu na mfupa, na kuwekwa mahali pa heshima kwa ajili ya mgeni mkubwa. Miguu yake, hata hivyo, haitoki Lamu. Imechongwa minene, ikinenepa kuelekea chini, na kuzungushiwa waya wa shaba uliogongwa ndani ya mifereji myembamba, kama vigoda ambavyo wazee wa Kikamba walikuwa wakivikalia barazani. Njumu ni ya mfupa wa ngamia. Mti ni mvule. Ukipitisha kidole pale ambapo waya unakutana na mbao hutasikia mahali pa kukwaruza, kwa sababu mfereji ulikatwa kwa patasi iliyonolewa kila baada ya mzunguko mmoja, na waya ukashindiliwa kwa nyundo ya mbao ili usipondeke. Fundi aliyekitengeneza alizaliwa upande wa Wamunyu, huko Ukambani, akaenda Lamu akiwa kijana na kukaa huko miaka tisa akichonga milango, kisha akarudi Nairobi. Hakuna jamii ya Kenya iliyowahi kuwa na kiti cha namna hiyo. Ni wazo la mtu mmoja aliyeishi mahali pawili, na tunapokiita cha kitamaduni tunampokonya wazo lake tukalikabidhi kwa kila mtu.

Huko Wamunyu kwenyewe wanajua thamani ya kulitaja jina. Uchongaji uliolipa eneo hilo sifa duniani husimuliwa mpaka leo ukianzia kwa mtu mmoja, Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa Wazaramo, kisha akarudi nyumbani na ujuzi huo. Imepita karne moja na jina lake bado linatamkwa. Maelfu waliomfuata, waliochonga vinyago na vigoda vilivyosafiri mpaka Ulaya na Marekani, wengi wao hawakuandika chochote chini ya kazi zao, na hakuna atakayewakumbuka.

Swali ambalo huulizwa mlangoni kwangu karibu kila siku ni la bei, na halitengani na hili la jina. Kiti kile kiliuzwa shilingi 92,800. Katika hizo, shilingi 12,800 ni ushuru wa VAT wa asilimia 16, ambao nauwasilisha serikalini. Zilizobaki 80,000 tuligawana kwa mapatano tuliyoyaandika tangu mwanzo: fundi 48,000, jumba 32,000. Fundi alikuwa ametumia takriban 16,000 kwa mbao, uzi, shaba, mfupa, msasa na nta, hivyo kazi yake ya siku ishirini na mbili ilimletea kama shilingi 1,450 kwa siku. Hizo 32,000 zetu zililipa sehemu ya kodi ya nyumba, umeme, mlinzi na gari la kubebea kwa miezi saba ambayo kiti kilikuwa kinangoja mtu wake. Samani hula nafasi kuliko picha: picha hutundikwa ukutani na nyingine ikatundikwa juu yake. Kabati hukalia sakafu, na likikaa vibaya hakuna atakayeliona. Naandika hesabu hizi waziwazi kwa sababu watu wengi huamini kwamba sisi wenye majumba tunawanyonya mafundi, na wapo wanaofanya hivyo. Njia ya kuwatambua ni rahisi: muulize mwenye duka jina la fundi na sehemu anayopata. Asiyetaka kukutajia jina ana sababu yake.

Jina linapokosekana, wizi huwa mwepesi. Kiti hicho kilipokuwa bado kwangu, bwana mmoja aliyevaa vizuri alikipiga picha kwa simu pande zote, akashukuru, akaenda zake. Baada ya wiki tatu nilikiona kiti kama hicho kando ya barabara, kimetengenezwa kwa saiprasi iliyopakwa rangi ya kahawia iliyokolea, uzi wa pamba umebadilishwa kwa kamba ya plastiki, na mahali pa mfupa pamepigwa vitone vya rangi nyeupe. Nilizungumza na kijana aliyekitengeneza. Hakuwa na ubaya wowote. Alipewa picha kwenye simu, akaambiwa atengeneze sita, na hakujua kama kuna mtu aliyekibuni. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 humruhusu fundi kusajili umbo la kazi yake akalindwa miaka mitano, kisha akaongeza mara mbili mpaka ikatimia miaka kumi na mitano. Kati ya mafundi kumi na wanane ninaofanya nao kazi, ni wawili tu waliowahi kujaza fomu hizo. Wengine huniambia hawaoni faida ya kuandikisha umbo la kitu ambacho hata jina lao halitajwi kinapopigwa picha, na mimi sijapata maneno ya kuwapinga.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi hawalifikirii mpaka siku ya balaa. Mwaka 2019 niliuza meza kubwa ya kulia chakula, ya mvule, kwa familia moja ya Lavington. Mbao zake zilikuwa zimekaushwa Pwani, kwenye hewa yenye unyevu, zikaletwa huku juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kufanyiwa kazi kabla hazijauzoea mji. Ilipofika Februari, na jua lile la Nairobi linalokausha midomo, uso wa meza ulipasuka katikati kwa mlio ambao mama wa nyumba aliudhani ni wa risasi. Ubao hunywea na kuvimba kwa upana kufuatana na unyevu wa hewa, na huu ulikuwa umefungwa kwa skurubu kwenye fremu pande zote, hauna pa kujinyosha, ilibidi upasuke. Walinipigia simu wakiwa na hasira, na haki ilikuwa yao. Lakini chini ya meza palikuwa na jina na mwezi, nami nikajua mara moja ni nani, na mbao zilitoka gogo lipi. Fundi alikwenda mwenyewe nyumbani kwao na mfuko wake wa patasi. Alitoa skurubu zote, akazirefusha tundu zake ziwe za mviringo mrefu ili ubao uweze kutembea, kisha akauziba ufa kwa vipande vitatu vya mpingo alivyovikata umbo la kipepeo, chembamba katikati na kipana kwenye mabawa, ili visiweze kuchomoka. Hakutaka malipo. "Jina langu liko hapo chini, mama," alimwambia mwenye nyumba, "sasa nitalikimbiaje?" Familia ile ingali na meza hiyo, na wageni wakifika huonyeshwa vipepeo kwanza. Tangu siku hiyo ubao wowote unaokuja kwangu hukaa ghalani miezi sita, umepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, kabla randa haijaugusa.

Jina la mti nalo lina uzito wake. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hayo yakaendelea kwa miaka mitano hivi, mpaka Julai 2023 Rais alipotangaza kuyaondoa. Katika kipindi hicho mbao nyingi ngumu tulizotumia zilitoka nchi jirani, bei ikapanda, na mikaratusi iliyopakwa rangi nyekundu ikauzwa kwa jina la mkangazi. Mpingo ni habari nyingine kabisa. Ni mti mzito kiasi kwamba ukitiwa majini huzama, hukua polepole mno, na tangu Januari 2017 biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, hivyo hata shehena ya bidhaa zilizokwisha kutengenezwa, ikiwa na zaidi ya kilo kumi za mti huo, huhitaji kibali. Mgeni anayenunua kiti cha mpingo cha kupeleka kwao bila karatasi inayoonyesha mti na asili yake anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege. Nimekwisha kupata mteja aliyenirudia akilia kwa jambo hilo, baada ya kununua mahali pengine kitu kisichokuwa na maandishi yoyote.

Wenzetu waliyatatua haya zamani. Huko Paris, kanuni za chama cha mafundi seremala wa samani, zilizoandikwa mwaka 1743 na kuanza kutekelezwa mwaka 1751, zilimlazimu kila fundi mkuu kupiga mhuri wa jina lake kwenye kazi. Vyama hivyo vilivunjwa mwaka 1791 wakati wa mapinduzi, lakini mihuri ilibaki, na ndiyo maana leo kiti cha karne ya kumi na nane kilichotoka mji ule huweza kupindwa na kusomwa. Tusiende mbali hivyo. Katika British Museum jijini London kuna kiti kilichoungwa kwa vipande vya bunduki zilizokusanywa Msumbiji baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1992. Kilitengenezwa mwaka 2001, na aliyekitengeneza anatajwa kwa jina, Cristóvão Canhavato, ajulikanaye kama Kester. Mwafrika mwenzetu, kiti, na jina. Mimi nimesimama mara nyingi katika makavazi mbalimbali ya Pwani na ya bara mbele ya viti vya enzi vya kupendeza sana, nikasoma vibao vinavyotaja mji na mti na karne, nikatafuta mstari mmoja zaidi nisiupate. Siwalaumu wanaovitunza, maana huwezi kuandika ambacho hakikuhifadhiwa. Kwenye milango ya kale ya Lamu na Unguja mafundi waliweza kuchonga aya, na mara nyingine mwaka wa Hijria, kwenye kizingiti cha juu, kwa hati nzuri ajabu. Mkono ule haukushindwa kuandika jina. Mazoea ndiyo yaliyokosekana, na mazoea yale yale ndiyo tunayoyaendeleza sasa, wakati fundi yu hai na ana simu mfukoni.

Nafahamu kwamba serikali imefanya sehemu yake kwa namna fulani. Tangu Julai 2022 samani zimo katika orodha ya bidhaa ambazo Jumuiya ya Afrika Mashariki huzitoza ushuru wa forodha wa asilimia 35 zinapoingia kutoka nje ya Jumuiya. Ushuru humlinda fundi mpakani. Ndani ya nchi, nimewahi kujaza hati mbili za zabuni za kuuza viti kwa ofisi za umma, na zote zilikuwa na nafasi ya jina la kampuni, namba ya usajili, cheti cha kodi, na idadi ya miguu. Hapakuwa na mahali pa kuandika ni nani atakayevitengeneza. Kuongeza mstari mmoja kwenye fomu hakugharimu hazina shilingi hata moja.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Magazeti ya Kiswahili yamefanya kazi kubwa ya kuwatambulisha washairi, waimbaji na wachezaji wa soka waliotoka mitaa ambayo haikuwa ikitajwa kabisa. Naomba mkono huo huo umfikie seremala. Mpiga picha anapoinua kamera kwenye harusi, kwenye bunge la kaunti, au kwenye uzinduzi wowote, na kuona kiti au mimbari au meza ambayo ni wazi kwamba haikutoka kiwandani, na aulize. Aombe kiti kipinduliwe akiweza. Akikuta jina, aliandike pamoja na ya wakubwa. Asipolikuta, aandike kwamba halikupatikana, na hilo nalo litawazindua wale mafundi ambao mpaka leo huona kutia jina ni majivuno. Ninao watatu wa namna hiyo, wazee, nami nimekuwa nikiwabembeleza miaka mingi. Mmoja aliniambia kwamba babake alichonga maisha yake yote bila kuandika kitu, naye atakuwa nani. Nilimuuliza kama anayo kazi yoyote ya babake. Alifikiri kidogo, akasema huenda anayo, kuna kigoda kimoja nyumbani kwa shangazi yake, lakini hawezi kuapa kwamba ni cha babake au cha jirani. Wiki iliyofuata alikuja kuazima chuma chetu cha kuchomea jina.

Kuhusu kiti cha picha yenu, nilimwendea fundi wake kwenye kibanda chake na kumwomba ruhusa ya kumtaja katika barua hii. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kitanda, na hakuacha alipokuwa akinijibu. Alisema, "Mwanangu, jina langu lina mahali pake. Liko chini ya kiti, na lingekuwa chini ya picha. Sitaki lifike gazetini kwa mlango wa malalamiko." Nimeuheshimu uamuzi wake, na ndiyo sababu msomaji hatalikuta humu. Lakini amenikubalia kitu kimoja. Pamoja na barua hii, Mhariri, nimetia karatasi ya pili, isiyo ya kuchapishwa kama barua, yenye jina lake kama alivyolichoma mwenyewe, herufi kwa herufi, jina la mti, mwaka, na tarehe na ukurasa wa gazeti ambapo picha ilitokea, kwa ajili ya safu yenu ya masahihisho.

Wako mwaminifu,
Mwendeshaji wa jumba la samani za sanaa,
Nairobi